Soda Isiyonyweka

Mtaani kwetu Makorora, Tanga, soda inauzwa mahali patatu. Kwanza ni dukani penye friji: unalipa, unakunywa umesimama, unarudisha chupa. Pili ni kwa mama wa genge, ambaye pamoja na nazi na nyanya anauza vipaketi vya magadi soda vya kulainishia maharage. Tatu ni duka la malighafi za sabuni, mkabala na kijiwe cha bodaboda. Pale unapimiwa kwa kilo kitu cheupe, kikavu, kisicho na harufu, chenye umbo la magamba ya samaki. Hicho ni kostiki soda. Ya kwanza inakata kiu, ya pili inalainisha maharage, ya tatu inayeyusha nyama ya mtu. Ukimtuma mtoto, zote tatu ni soda.

Nilifundisha kemia sekondari kwa miaka 31, nikastaafu, na muda wote huo sikuliona tatizo hili mpaka liliponijia mlangoni.

Jirani yangu anatengeneza sabuni ya mche. Alipotaka kuanza alinijia na daftari la mwanawe, akakaa barazani. "Shikamoo, mwalimu. Nimeambiwa hizi dawa unazijua." Nikamwelekeza kwa raha zote, maana mwalimu mstaafu akiulizwa swali hupona maradhi yote. Nikamwambia kostiki huingizwa kwenye maji, maji hayamwagwi juu ya kostiki. Atumie ndoo ya plastiki nzito, asiguse sufuria, kwa sababu kostiki inaila aluminiamu na kutoa gesi inayoshika moto. Apime kwa mizani, si kwa kikombe: kilo moja ya mafuta ya nazi inataka gramu 183 hivi za kostiki, kilo ya mawese inaridhika na 141. Akizidisha, sabuni itachuna mikono ya wateja. Akipunguza, itabaki na mafuta, salama lakini laini. Nikamwambia pia kwamba mchanganyiko ule unapanda joto wenyewe bila jiko, unatoa mvuke unaokereketa koo, kwa hiyo auyeyushe jioni nje, alale, asubuhi aukute umepoa.

Kila nilichomwambia kilikuwa sahihi. Sikumwambia aandike nini juu ya chombo.

Siku moja maji ya kostiki yalimbakia kama nusu lita. Hakutaka kuyamwaga, kitu cha pesa, akayatia kwenye chupa tupu ya maji ya kunywa na kuisukuma chini ya benchi. Mchana wake mjukuu wake, miaka mitano wakati ule, akaja mbio kutoka kucheza, jua la saa saba, akaiona. Akamuuliza kijana anayemsaidia bibi kukata miche, "Hii nini?" Kijana akajibu bila kuinua kichwa: "Soda ya bibi hiyo, acha." Jibu lile halikuwa na uongo ndani yake. Mtoto alilishika neno la kwanza.

Alimeza funda moja, la pili akalitema. Nilipofika nilikuta akina mama watatu wamemzunguka, mmoja na ndimu iliyokwisha kukatwa, mwingine na maji ya chumvi ya kumtapisha. Niliwazuia kwa sauti ambayo sijawahi kuitumia hata kwa kidato cha pili siku ya Ijumaa. Kostiki iliyounguza ikishuka itaunguza tena ikipanda. Mtu aliyeimeza hatapishwi. Na ndimu juu ya kidonda kile inaongeza joto tu. Tulimsukutua mdomo, tukamwosha kidevu na kifua kwa maji mengi, tukapanda bajaji kwenda hospitali. Yu hai. Lakini kovu la koo lina tabia mbaya, linakaza polepole wiki kadhaa baada ya watu kusema ameshapona, na mtoto yule kwa mwaka na nusu amekuwa akirudishwa hospitali kupanuliwa njia ya chakula. Uji anaumeza. Ugali ni mpaka ukandwe na mchuzi.

Sasa nieleze kitu chenyewe, kwa sababu wanaokishika kwa mikono yao kila siku ndio ambao hawakuwahi kuelezwa.

Chukua maji. Kila chembe ya maji ni oksijeni moja iliyoshikwa na haidrojeni mbili. Ondoa haidrojeni moja, iache elektroni yake nyuma, unabaki na oksijeni na haidrojeni moja, jozi yenye chaji hasi moja. Tunaiandika OH. Hiyo jozi ndiyo hidroksidi, na haikai peke yake. Lazima iwe na mwenzi mwenye chaji chanya, kwa kawaida metali. Jina la kiwanja kizima hutokana na metali hiyo: hidroksidi ya sodiamu, ya potasiamu, ya kalsiamu, ya magnesiamu. Sodiamu ina chaji moja, inachukua OH moja. Kalsiamu ina mbili, inachukua OH mbili, na hapo ndipo mabano yanapoingia. Nimesahihisha karatasi zisizohesabika zenye CaOH na 2 ndogo ikining'inia mwishoni bila mabano, kana kwamba haidrojeni ndizo mbili na oksijeni moja. Nilikuwa nakata nusu alama. Siku hizi nawaza kama ile nusu alama ilistahili wino wangu wote ule.

Chuma ndicho kilichonipa raha zaidi, kwa sababu kina chaji mbili tofauti na jina lazima liseme ni ipi. Kwenye mtihani wa vitendo wa kidato cha nne unampa mwanafunzi myeyusho asioujua, anadondoshea maji ya kostiki tone kwa tone. Yakitokea mashapo ya kijani kichafu, kama maji ya mfereji wa sokoni, ni hidroksidi ya chuma ya pili. Yakiwa ya kahawia yenye wekundu, rangi ya udongo wa Lushoto baada ya mvua, ni ya tatu. Shaba inatoa buluu nzito inayotikisika kama jeli. Zinki inatoa nyeupe, kisha ukizidisha kostiki ile nyeupe inatoweka, na darasa zima linaguna. Na lile la kijani ukiliacha kwenye rafu mpaka kipindi kijacho, juu limeshaanza kuwa kahawia: hewa imelipandisha kutoka la pili kwenda la tatu, na jina limebadilika bila mtu kugusa kitu. Ile pili au tatu, inayoandikwa kwa namba ya Kirumi katikati ya jina, ipo kwa ajili ya hilo tu, kumwambia asiyeona chupa kwamba kilichomo ni hiki na si kile.

Kila mwaka hakosekani mwanafunzi mmoja mjanja wa kuuliza: "Mwalimu, mbona konyagi nayo ina OH?" Inayo, mwanangu. Lakini ile imefungwa kwenye kaboni, haiachii, haiwi na chaji. Ndiyo maana pombe haikugeuzi sabuni, ingawa wengine inawatelezesha.

Na sabuni si mzaha hapa. Ukigusa maji ya kostiki, kitu cha kwanza unachosikia si maumivu, ni utelezi. Unasugua kidole gumba na cha shahada vinateleza kama umeshika bamia. Ule utelezi ni sabuni kweli, imetengenezwa papo hapo kwa mafuta ya ngozi yako. Maumivu yanafuata baadaye, kwa hiyo watu huchelewa kunawa. Asidi kali mara nyingi inakausha nyama ya juu na kujiwekea kizuizi. Alkali haina simile, inalainisha na kuendelea kushuka.

Si hidroksidi zote zilizo hivyo, na hili ni la kusemwa ili tusije tukazichoma moto zote. Ya magnesiamu haiyeyuki kwenye maji ila kidogo sana, kwa hiyo haina meno. Ndiyo ile dawa nyeupe kama maziwa ya kiungulia na kufunga choo. Ya aluminiamu nayo ni dawa ya kiungulia, lakini yenyewe inafunga choo, na magnesiamu inafungua, basi watengenezaji wakazitia zote mbili kwenye kidonge kimoja zivutane. Mzee yeyote anayetafuna vile vidonge baada ya pilau ya harusi ametafuna hidroksidi mbili kwa mpigo na akashukuru Mungu.

Lakini kostiki soda ni nyingine, na kisa changu ni jina lake.

Mwezi wa kumi mwaka 1807, London, Humphry Davy alipitisha umeme wa betri kwenye potashi iliyolowa kidogo, akaona vijitone vyenye kung'aa vikitokea na kulipuka kwa moto. Inasimuliwa alirukaruka chumbani kwa furaha. Siku chache baadaye akafanya vilevile kwa kostiki soda, ikatoka metali nyingine. Metali ya kwanza akaiita potasiamu kwa sababu imetoka kwenye potashi, neno lenye maana ya majivu ya chungu, maana watu walichuja majivu ya kuni na kukausha maji yake vyunguni. Ya pili akaiita sodiamu kwa sababu imetoka kwenye soda. Kwa hiyo soda ndiyo mama na sodiamu ndiye mtoto. Alama za metali hizo ukizitazama hazifanani na majina hayo: Na na K. Na ni ya natriumu, kutoka natron, magadi ambayo Wamisri wa kale walikaushia maiti zao, na ambayo sisi tuna ziwa zima lenye jina hilo kaskazini, chini ya Ol Doinyo Lengai. K ni ya kaliumu, kutoka Kiarabu al-qali, majivu ya mimea, neno lilelile lililozaa alkali. Wapo waandishi wa Kiswahili wanaoita potasiamu "kali". Ni bahati tu kwamba kwetu neno hilo lina maana yake, lakini ni bahati iliyopiga mahali pake: hidroksidi ya kali ni kali kwelikweli.

Je, soda ya kwenye friji ilitoka wapi? Jina iliiba. Zamani maji yenye mapovu yalitengenezwa kwa chumvi za soda, yakaitwa maji ya soda, baadaye chumvi ikaachwa, sukari na rangi zikaingia, jina likabaki. Mwenye haki ya jina ni magadi na ndugu zake. Lakini nenda kamwambie mtoto wa miaka mitano kuhusu haki ya jina. Katika Kiswahili cha leo, kutoka Tanga hadi Kigoma, soda ni kinywaji kitamu cha sikukuu na cha mgeni. Kesi hiyo kinywaji kimeshinda na rufaa haipo.

Ninalotaka kusema ni dogo basi: tuache kuiita kostiki soda. Tuiite kostiki.

Sitaki hidroksidi ya sodiamu sokoni. Ni jina zuri, limo kwenye kamusi zetu za sayansi, mimi mwenyewe nalipenda, lakini jina la silabi tisa haliwezi kupigiwa kelele na mtu aliyebeba ndoo. Na wanaoshika ndoo wengi waliishia darasa la saba, ambako sayansi hufundishwa kwa Kiswahili bila kufika huku. Sekondari, ambako mambo haya yanasomwa, yanasomwa kwa Kiingereza. Kati ya Kiswahili kisichofika na Kiingereza kisichoshuka, kuna mama na ndoo yake.

Wengine wananiambia tuiite magadi makali, au magadi moto. Hapana. Magadi tunatia kwenye makande. Siku utakapomwambia binti wa kazi "lete magadi" na jikoni kuna vifuko viwili vyeupe, utakuwa umehamisha ajali kutoka chini ya benchi kwenda kwenye chungu. Nilimsikia fundi mmoja wa sabuni akisema "soda ya moto", nikashika kichwa.

Kostiki inatosha. Asili yake ni Kigiriki, ina maana ya kitu kinachounguza. Imekuja ikiwa tayari na onyo lake tumboni, sisi tukaifungia mkia wa sukari. Tena mafundi wazoefu wameshaanza kuukata mkia wenyewe. Nenda duka la malighafi, sikiliza: "Nipimie kostiki kilo tatu." Ni wanaoanza na wenye kuandika bei ukutani ndio wanaomalizia na soda. Neno lipo, linatamkika, halina maana nyingine nyumbani. Halihitaji kamati.

Mtu atasema jina halimzuii mtoto kunywa. Nimesikia hoja hii kutoka kwa mwalimu mwenzangu, na ningeikubali kama nisingejua kwamba imeshajaribiwa kwingine. Marekani mwanzoni mwa karne iliyopita, kostiki ilikuwa kitu cha kila jiko. Watu walitengenezea sabuni, walizibulia mabomba, ilikaa kwenye makopo karibu na sukari. Daktari wa koo, Chevalier Jackson, alikuwa anatoa watoto vitu walivyovimeza, pini, sarafu, vifungo, na alivihifadhi. Zaidi ya 2,000 vipo hadi leo kwenye jumba la makumbusho la Mütter, Philadelphia. Lakini waliomtesa roho ni watoto waliomeza kostiki, ambao hakukuwa na kitu cha kuwatoa, bali koo lililoziba. Alisumbua wabunge miaka na miaka. Machi 1927 Rais Coolidge akatia saini sheria ya sumu zinazounguza. Sheria ile haikupiga marufuku kitu chochote. Ilidai maandishi kwenye chombo: neno SUMU kwa herufi kubwa, maelezo ya kufanya ajali ikitokea, jina na mahali pa mtengenezaji, na jina la kitu chenyewe lile ambalo watu wanalijua, jina la kawaida. Jina la mtaani, lililoandikwa kisheria.

Nasi hatukukosa sheria. Sheria ya kusimamia kemikali za viwandani na majumbani ipo tangu 2003. Mfuko wa kilo 25 unaoingia dukani una maandishi, una namba, una picha: kimiminika kinadondoka juu ya kiganja na kiganja kinalika. Shida inaanza mkasi unapoukata. Kutoka hapo kostiki inatembea uchi, kwenye kifuko, kwenye kopo la rangi, kwenye chupa ya maji. Na ile picha yenyewe nilimwonyesha kijana wa jirani yangu baada ya mkasa, nikamuuliza anaona nini. Akaitazama sana. "Si mtu ananawa mikono, mwalimu?" Alikuwa ameshafungua mifuko ile zaidi ya mwaka mzima, akiamini ni picha ya sabuni.

Wazee wetu wa pwani walikuwa na hidroksidi yao kabla ya mfuko wowote kuingia, na majina yao yalikuwa na akili kuliko yetu. Babu yangu upande wa mama alichoma chokaa Pangani. Nikiwa mtoto nilimwona akipanga magogo kwa duara kama sahani kubwa, juu yake mawe ya tumbawe, moto ukilala na kuamka na kulala tena. Joto likifika kama nyuzi 900, jiwe linatema kaboni yake hewani na kubaki jepesi, jeupe, likigongwa linalia kama kigae. Wakati ule tulikatazwa kuligusa. Si kwa sababu ya joto, hata likipoa. Babu alisema "halijanywa". Kisha wakalimwagia maji, na hapo ndipo nilipopenda kemia, ingawa sikujua inaitwa hivyo. Jiwe lililopoa siku mbili lilinguruma, likapasuka, likafuka mvuke kama chungu cha mihogo, likajivunja lenyewe kuwa unga. Maji na chokaa vilikuwa vimeungana kuwa hidroksidi ya kalsiamu. Baada ya hapo lilikuwa "limekunywa", na mjomba aliweza kulikoroga kwa mti akipiga soga.

Halijanywa, limekunywa. Maneno mawili, na mtoto yeyote wa ua ule alijua lipi analikimbia. Chokaa iliyokunywa ilipakwa ukutani, ikarudisha kaboni kutoka hewani kidogo kidogo, miaka kwa miaka, mpaka ukuta ukawa jiwe tena. Nyumba za Pangani, Lamu na Mji Mkongwe zimeshikamanishwa na hidroksidi iliyoacha kuwa hidroksidi. Kiasi kidogo kabisa kilichosafishwa kilikwenda kwenye kijaluba cha bibi, akakipaka kwa ncha ya kidole juu ya jani la tambuu pamoja na popoo na katu, akatafuna. Chokaa ile ndiyo iliyotia wekundu mdomoni, na kama alizidisha, midomo ilimchonyota na akalaani aliyeisafisha.

(Sisifii kila kitu. Tumbawe likichimbwa halioti tena haraka, na wavuvi wa Lindi na Mtwara wanajua samaki wamekwenda wapi. Babu hakulijua hilo, sisi tunalijua.)

Darasani chokaa ilikuwa rafiki yangu mkuu. Nachukua maji ya chokaa yaliyotulia, maangavu, nampa mwanafunzi mrija, mrija uleule wa kunywea soda, namwambia apulize asivute. Maji yanageuka maziwa, kwa sababu pumzi yake ina gesi ya kaboni dioksidi na chokaa imeikamata. Akiendelea kupuliza mpaka mashavu yamuume, maziwa yanatoweka, yanakuwa maangavu tena. Nikiwa na petroli ya shule niliwapeleka baadaye mapango ya Amboni, kilomita chache tu kutoka mjini, kuwaonyesha kwamba mvua yenye gesi ileile imefanya jambo hilohilo kwenye mwamba wa chokaa kwa miaka isiyohesabika. Somo zuri. Lakini sasa nikilikumbuka nasikia tu sauti yangu ikisema "pulizeni, msivute", mwaka baada ya mwaka, na kwa bahati hakuna aliyevuta. Maji ya chokaa ni hafifu, yangemchonyota tu. Kwenye rafu ileile, katika bilauri ya aina ileile, kulikuwa na maji ya kostiki, nayo pia hayana rangi wala harufu. Vilitofautishwa na kipande cha karatasi chenye maandishi yangu.

Maabara yangu, kwa hiyo, haikuwahi kuwa na chupa isiyo na jina. Ningemfukuza msaidizi kwa hilo. Na bado nilimfundisha jirani sabuni nzima, kwa gramu, bila kumpa karatasi na gundi, kana kwamba jina ni mambo ya shule.

Nimeshamwomba mwenye duka la malighafi abandike karatasi kwenye kila kifuko anachofunga: KOSTIKI, INAUNGUZA, USITAPISHE, WAHI HOSPITALI. Alisema wino una gharama. Nikampelekea rimu ya karatasi na muhuri wa mpira niliouchongesha Ngamiani. Muhuri anautumia akikumbuka. Nikipita anakumbuka sana. Wauzaji wengine watatu nilioongea nao, wawili walikubali, mmoja alisema wateja watakimbia wakiona neno kuunguza. Nilimwambia kama wateja hawajui inaunguza, basi kwa nini wanaikoroga kwa kijiti kirefu?

Jirani yangu naye alinunua ndoo nyekundu yenye kifuniko cha kukaza, akaandika ubavuni kwa kalamu ya wino mzito: KOSTIKI SODA. Nilimwomba afute neno la pili. Akafuta kwa tina, halikutoka. Akabandika plasta juu yake, plasta ikabanduka kwa mvuke siku ya pili. Juzi nimemkuta amekaa chini na msumari uliopashwa moto, anachoma herufi kwenye ndoo mpya, moja moja, ulimi nje kama mtoto wa chekechea. Alikuwa amefika kwenye T. Mjukuu wake amesimama pembeni, mbali kidogo, anamsomea kwa sauti herufi inayofuata kutoka kwenye karatasi niliyowaandikia.